Udhibiti si Mkunga wa Fasihi



Kila tunapokutana hapa Uingereza kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo tangu mwaka 2022 husherehekewa tarehe 7 Julai, hakosekani mzungumzaji wa kutukumbusha Kusadikika. Katika hafla moja kama hiyo tulimsikia bwana mmoja, msomi na mcheshi, akikitaja kitabu hicho cha Shaaban Robert kuwa ni ushahidi kwamba serikali inapobana maneno ndipo fasihi inaponawiri. "Udhibiti ndio mkunga wa fasihi yetu," alisema, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Akaongeza kwamba vijana wa nyumbani wanaolalamikia sheria za mitandao wangefanya vyema kujifunza mafumbo ya wazee wao, kwani mwenye akili hufumba na mwenziwe akamwelewa.

Nasi tulipiga makofi, kwa adabu. Lakini tulirudi nyumbani na dukuduku, na kadiri tulivyoitafakari kauli ile ndivyo tulivyoona kwamba, pamoja na utamu wake, ina kasoro mbili. Kwanza, inavisoma vibaya vitabu inavyovitaja. Pili, inawapa wenye mkasi sifa ambayo si yao. Tunaomba nafasi katika kurasa hizi tueleze kwa nini.

Tuanze na Kusadikika yenyewe. Kitabu kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na mwandishi mwenyewe akiwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo ya kikoloni. Hakuwa na njia ya kuandika kwamba Tanganyika inatawaliwa kwa dhuluma akabaki na kazi yake. Akaandika habari za nchi inayoelea angani, ambayo watu wake wana majina kama Karama na Majivuno. Msomaji wa wakati ule alielewa, na mkubwa wa wakati ule hakuwa na pa kushika. Mpaka hapo tunakubaliana na mzungumzaji wetu.

Lakini hebu tukumbuke kinachotokea ndani ya kitabu. Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa Mashariki, Magharibi, Kaskazini, Kusini, mbinguni na ardhini, wakaone wenzao wanaishije. Kila mjumbe alirudi na aliyoyaona, pamoja na mapendekezo ya kuirekebisha nchi, na malipo ya kila mmoja yakawa kifungo.

Wahakiki wengi wamelisifu gamba la hadithi hii. Sisi tunaomba msomaji atazame kiini chake. Wajumbe wale hawakufungwa kwa kutunga ngano. Walifungwa kwa kuleta taarifa. Walisema: tumekwenda, tumeona, mambo yako hivi, na sisi tungeweza kufanya hivi. Karama naye, aliposimama kizimbani, hakujificha nyuma ya maneno. Alisema waziwazi mbele ya mfalme, na ni kauli hiyo ya wazi iliyomwokoa yeye na kuwafungua wajumbe. Kwa hiyo kitabu kimevikwa fumbo, lakini ndani ya fumbo lake kinatetea kauli isiyo na fumbo. Kukitumia kuwafundisha vijana kufumba ni sawa na kumsifu mfungwa kwa jinsi anavyojua kutembea na minyororo.

Mfano wa pili ambao haukosi kutajwa ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Wengi wetu tuliokaa London tuliizoea sauti yake katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kabla hajahamia Leipzig kufundisha. Kisa chake kinajulikana. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliandika kijitabu kilichoitwa Kenya: Twendapi? akiikosoa serikali ya KANU. Alishtakiwa kwa uchochezi na kufungwa miaka mitatu, kutoka 1969 hadi 1972. Akiwa gerezani alitunga mashairi, akayaandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Mzungumzaji wetu alikisimulia kisa hiki kama ushindi. Ni ushindi kweli, wa mtu mmoja mwenye moyo na kipaji. Lakini tukipige hesabu vizuri. Kijitabu kiliuliza kwa maneno yanayoeleweka na kila mtu, kwamba nchi inakwenda wapi. Kikamfunga mwandishi wake. Mashairi, likiwamo lile la mamba ajionaye hana wa kumweza, yalisema mengi kwa kuzunguka, yakapewa tuzo. Leo mashairi yanasomwa katika vyuo vikuu hapa Ulaya na kwetu Afrika ya Mashariki. Kile kijitabu ni wangapi kati yetu wamekisoma? Swali lilifungwa gerezani pamoja na mwenyewe, na mwenyewe alipotoka, swali halikutoka naye. Udhibiti ulifanikiwa katika lile ulilolikusudia. Mashairi yalikuja licha ya udhibiti, na yangeweza kuja bila ya huo.

Hatusemi haya kwa kulidharau fumbo. Fumbo ni mali yetu, nalo limeanza zamani kuliko serikali zote tunazozijua. Muyaka alijibizana na mahasimu wa Mombasa kwa mafumbo. Taarabu imejaa mafumbo, na kanga bila jina ni kitambaa tu. Lakini fumbo la kanga huchaguliwa na anayeivaa. Akitaka kusema wazi, mdomo anao. Fumbo linalotoka kwa hofu ni jambo jingine, hata kama maneno yake ni mazuri.

Sasa tuje kwenye sheria za mitandao ambazo vijana wanaambiwa wazizunguke. Tumezoea katika kurasa hizi kuhakiki mashairi na riwaya. Leo tutahakiki kanuni ya serikali, kwani nayo ni maandishi, na wasomaji wake hawakuwa na hiari ya kuiweka chini.

Mwezi Machi 2018 zilitoka Tanzania Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Aliyetaka kuchapisha maandishi yake mwenyewe kwenye mtandao alitakiwa alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 za ada ya kila mwaka. Wenye vibanda vya intaneti walitakiwa wafunge kamera. Aliyekosea adhabu yake ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Shaaban Robert angetakiwa kwanza ahesabu mshahara wake.

Lakini fedha siyo iliyotushangaza zaidi. Katika orodha ya yaliyokatazwa yalikuwamo maudhui yanayosababisha kero. Kanuni yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, lakini Kiswahili cha neno lile ni hicho: kero. Na msomaji wa Kiswahili anajua neno hilo limetembea vipi katika siasa zetu. Viongozi huzunguka mikoani kusikiliza kero za wananchi. Tuliwahi kuwa na vikao vingi vya kero za Muungano. Kero ni neno ambalo serikali zetu zimelipenda mno maadamu mwenye kero ni mwananchi na anayeitatua ni mkubwa. Neno lilipogeuka, mwenye kero akawa mkubwa na anayemkera akawa mwananchi, papo hapo likawa kosa la jinai.

Sisi tunaoandika haya kazi yetu ni uhandisi, na tutasema kwa lugha ya kazi yetu. Fundi akipewa mchoro usio na vipimo hujenga kwa kubahatisha. Mwenye nyumba akija kesho akasema ukuta haufai, fundi hana pa kujitetea, kwani mchoro haukumwambia ukuta uwe wa futi ngapi. Kanuni ya kero ilikuwa mchoro usio na vipimo. Kero ya nani? Kwa kiasi gani? Inapimwa na nani, kabla au baada ya kuandika? Haikusema. Na pale isiposema, mwandishi hulazimika kumsoma mkubwa badala ya kuisoma sheria, akiuliza leo ameamkaje. Mwenye busara hatajenga ukuta kabisa. Kwa njia hiyo serikali haihitaji kumfunga kila mtu. Hofu humaliza kazi yenyewe, na haidai mshahara.

Ndivyo ilivyokuwa. Mashirika ya haki za binadamu na ya wanahabari yalikwenda Mahakama Kuu, kanda ya Mtwara, wakapata zuio la muda mwezi Mei 2018, lakini halikudumu. Mwezi Juni JamiiForums, ambako Watanzania walizoea kuandika tuhuma za ufisadi bila kutaja majina yao, ikafunga milango kwa wiki kadhaa. Mwanzilishi wake Maxence Melo alikuwa ameshakamatwa tangu Desemba 2016, na miongoni mwa yaliyotakiwa kwake ni taarifa za watumiaji. Aprili 2020 mahakama ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi na kumtoza faini ya shilingi milioni 3. Kanuni za 2018 zilifutwa, zikaja za 2020, na baadhi ya masharti yakalegezwa mwaka 2022. Lakini Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa, na Septemba 2025 JamiiForums ikasimamishiwa leseni kwa siku 90.

Hapa tunawasikia baadhi ya wasomaji wetu, na si wabaya hao, wakisema: lakini je, uongo? Matusi? Chuki za kikabila? Je, tumesahau Rwanda?

Hatujasahau. Redio RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, na mwaka 1994 ilitaja watu wauawe, nao wakauawa. Lakini tuitazame vizuri redio ile. Haikuwa sauti ya raia mpweke aliyewaponyoka wenye mamlaka. Ilianzishwa na watu waliokuwa karibu na ikulu, ikalindwa nao. Ilipotangaza, waliokatazwa kusema, wakauawa mwanzoni kabisa, ni wale ambao wangeweza kuijibu. Funzo la Rwanda kwetu ni kwamba kinachoua ni sauti ya mkubwa isiyokuwa na wa kuipinga.

Na hatusemi kusiwe na sheria. Anayechochea watu wauane ashtakiwe kwa uchochezi wa mauaji, na anayemzulia mwenziwe apelekwe mahakamani akathibitishe. Tunachotaka ni sheria yenye vipimo. Wenzetu Kenya walionyesha kwamba inawezekana kudai hivyo na kupata. Sheria yao ya mawasiliano ilikuwa na kifungu cha 29 kilichokataza, miongoni mwa mengine, kutumia vyombo vya mawasiliano kumletea mtu kero na usumbufu. Neno ni lile lile. Kijana mmoja alishtakiwa kwa maneno aliyoyaandika mtandaoni, akakipinga kifungu chenyewe, na Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akakitangaza kuwa kinakwenda kinyume na katiba, kwa sababu maneno yake ni mapana na hayana mipaka inayoeleweka, kiasi kwamba raia hawezi kujua anakatazwa nini. Hukumu ile ni uhakiki mzuri wa lugha kuliko mwingi tuliousoma katika majarida ya fasihi.

Tumefika sasa kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tusilale baada ya hafla ile.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi Tanzania, intaneti ilizimwa nchi nzima, na haikurudi hadi tarehe 3 Novemba, nayo kwa kusuasua. Nyaya za baharini hazikuwa zimekatika. SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyofuata mwaka 2010 zilikuwa mahali pake, chini ya bahari, na taa zake zinawaka. Kilichofungwa ni milango ya ndani. Huko nje ya milango hiyo tulikuwa sisi, maelfu kwa maelfu, kila mmoja na simu yake mkononi, tukiitazama ile alama moja ya kijivu kwenye ujumbe uliotumwa na usiofika.

Simu za kawaida zilipita kwa kubahatisha. Usiku wa kwanza tulimpata shangazi yetu, Dar es Salaam.

"Shikamoo shangazi. Hali zenu huko?"

"Marahaba, mwanangu. Hatujambo. Huku mvua kubwa tu. Hatutoki."

"Mvua, shangazi?"

"Mvua, baba. Kubwa. Watoto wote wako ndani."

Simu ikakatika. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, na mwisho wa Oktoba vuli huanza. Je, shangazi alikuwa akituambia kwamba kuna mvua? Au alikuwa akituambia jambo jingine, akiogopa kwamba kuna masikio ya tatu kwenye simu? Tulikaa usiku ule kama wanafunzi wa fasihi mbele ya swali la mtihani. Mmoja wetu akasema ni risasi. Mwingine akasema, jamani, huyu ni mama mzima, akisema mvua ni mvua. Tukakumbuka sauti yake, tukapima alivyolitamka neno "kubwa". Tulihakiki maneno ya shangazi yetu kwa saa nzima, na mwisho hatukujua kama watoto walikuwa salama.

Hapo ndipo tulipoielewa kasoro ya kauli ya mkunga. Fumbo hufaa kwa jambo ambalo msikilizaji ameshalijua nusu. Shaaban Robert aliweza kuifumba Tanganyika kwa sababu wasomaji wake walikuwa ndani ya Tanganyika. Lakini kwa asiyejua, aliye mbali, anayetaka kuamua aende au asiende, atume fedha au asitume, afiche watoto au awatoe, fumbo ni giza juu ya giza. Bomba la maji likipasuka halitangazwi kwa fumbo. Dawa ikikosekana zahanati haisemwi kwa tashbiha. Mhandisi anayeona geji imepanda akanyamaza, au akaimba, atakuja kuulizwa mbele ya maiti.

Katika siku zile watu waliuawa. Ni wangapi? Imekuwa mabishano, upande mmoja ukitaja mamia, serikali ikizikataa hesabu hizo. Kama kungekuwa na mwanga, maiti wangehesabiwa na majina yao yangejulikana. Taa ilipozimwa, kila upande ulibaki na idadi yake, na wenye misiba wakabaki na jamaa zao tu. Yule ambaye angesimama kama wajumbe wa Kusadikika akasema "nimekwenda, nimeona" alinyimwa njia ya kusemea. Hatudhani kwamba kutokana na giza lile kutazaliwa kitabu kitakachotosha kulipa hata usiku mmoja wake.

Tukiri na letu pia. Sisi tulio ughaibuni tuna uhuru wa kusema, na bado tunafumba. Tunaandika "mambo ya huko" na "wenyewe mnajua", kwa sababu tuna wazee nyumbani, tuna viwanja, tuna pasi za kusafiria zitakazohitaji muhuri. Hofu imepanda ndege pamoja nasi. Ndiyo maana tulipiga makofi ukumbini. Kauli ya mkunga inatufariji, inatuambia kwamba woga wetu ni usanii.

Kwa hiyo mzungumzaji wetu akialikwa tena, na tunatumaini ataalikwa kwani anasema vizuri, tungependa amsome Karama upya mbele yetu, hasa pale anaposimama kizimbani. Na vijana wa nyumbani wanaodai wasiadhibiwe kwa neno "kero" tusiwaambie wajifunze mafumbo. Wanayajua. Wanachokidai ni ile haki ambayo mafumbo yote ya wazee wao yalikuwa yakiililia.

Intaneti iliporudi tulizungumza na shangazi, safari hii kwa picha. Watoto walikuwa wazima, alhamdulillahi. Tulimuuliza habari za ile mvua. Akageuka kwanza akautazama mlango.

"Mvua ilinyesha kweli," alisema. "Ilinyesha siku ya pili."